Kivuli cha Saa Sita

Mpaka leo nikinusa vumbi lililonyunyiziwa maji, moyo wangu hurudi Kambi Muru, kwenye ua wa Haboba. Haboba ndivyo sisi Wanubi wa Kibra tunavyomwita nyanya, na huyu wangu alikuwa mama mzazi wa baba yangu, mjane wa askari aliyeletwa huku na jeshi la Waingereza. Kila alasiri, kabla ya watu kutawadha, aliufagia ua wake kwa fagio la vijiti, kisha akachota maji kwa kata na kuyanyunyiza kwa vidole, taratibu, kana kwamba anamtuliza mtoto mwenye homa. Harufu ilipanda: udongo mwekundu, jivu, na ubani aliofukizia nguo asubuhi. Sehemu moja tu ya ua haikuguswa na fagio wala maji. Hapo palisimama kijiti kilichokitwa wima ardhini, urefu wake kama mkono wa mtu mzima kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, na ole wake kuku aliyepita karibu nacho.

Kijiti hicho kilikuwa saa yetu. Msikiti ulikuwa mbali, vipaza sauti havikuwapo, na upepo ukigeuka, sauti ya mwadhini ilipotelea kwenye mikaratusi. Saa ya mfukoni aliyoiacha babu ilikufa wiki moja baada ya mwenyewe, na Haboba alisema heri hivyo, maana ilikuwa ikichelewa tangu mwenye saa akiwa hai. Kwa hiyo wanawake wa nyumba zote za jirani, ambao walisali majumbani, walituma watoto kwake. Watoto walisimama mlangoni wakihema: "Haboba, mama anauliza, Alasiri imeingia?" Naye alikitupia kijiti jicho moja, akajibu: "Mwambie bado, aanue nguo kwanza." Nilimsikia mara nyingi akisema maneno ambayo niliyaamini kuwa ndiyo siri yote ya kazi yake: kivuli kikilingana na mti wake, Alasiri imeingia. Niliyashika maneno hayo nikayaweka kichwani, nikajiona nimejua kila kitu.

Nilikuwa darasa la nne wakati huo, na hesabu zilikuwa zinanitesa. Kusoma nilijua, kuandika nilijua, lakini nikiona sehemu mbili za namba zimetenganishwa na mstari, macho yangu yalijaa machozi kabla hata sijaulizwa swali. Shule yenyewe ilikuwa upande wa Kawangware, mwendo wa zaidi ya saa nzima kwa miguu ya mtoto, na wasichana tulikuwa wachache, tungeweza kukaa kwenye mkeka mmoja. Mwisho wa mwaka kulikuwa na mtihani wa kuvuka kwenda darasa la tano. Nafasi za kuufanya hazikututosha sote, na aliyependekeza majina ni Mwalimu Yosia, mtu mrefu mwenye koti moja, aliyetufundisha hesabu na maumbile. Baba yangu, ambaye alikuwa dereva wa lori, hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa amesema neno lake mbele ya mama na halikurudi nyuma: jina langu lisipokuwa kwenye orodha, nibaki nyumbani nifundishwe kusuka tabaga, zile sinia za ukindu za rangi rangi ambazo mama yangu alizisuka vizuri kuliko mtu yeyote Kambi Muru. Nilizipenda tabaga za mama. Ila nilitaka kwenda darasa la tano kiasi kwamba nililiota hata mchana.

Aliyenishika mkono shuleni alikuwa Wanjiru. Kwao walikuwa wenyeji wa Kawangware wa siku nyingi, Wakristo, wenye shamba la mahindi na viazi vitamu lililoshuka mpaka mtoni. Wanjiru aligawa namba kichwani upesi kama mtu anayechambua maharagwe, lakini akiitwa kusoma kwa sauti aligeuka bubu. Basi tulifanya mapatano bila kuambiana. Baada ya shule tulikaa kwenye gogo pale njia zetu zilipoachana, yeye akanieleza hesabu kwa kukata kiazi cha kuchemsha, mimi nikamsomesha aya mpaka ulimi ukalegea. Tatizo ni kwamba kiazi kikishakatwa tulikila, na nikifika nyumbani sikuwa na kiazi wala hesabu.

Basi Jumatano moja ya mwezi wa saba, msimu wa baridi na mawingu ya asubuhi, Mwalimu Yosia alitupa kazi ya kufanya nyumbani, wawili wawili. Tuchague mti mrefu ulio karibu nasi, tutafute urefu wake bila kuupanda, tuandike na njia tuliyotumia. Tulete Jumatatu. Akaongeza, huku akifuta ubao kwa mkono wa koti lake, kwamba kazi hii ndiyo atakayoitazama sana akipanga majina ya mtihani. Kisha nikakikumbuka kijiti cha Haboba, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikawa ndiye niliyemnong'oneza Wanjiru jibu la hesabu: "Usijali. Kwetu tuna saa inayopima miti."

Hata mti ulikuwapo. Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na mkaratusi aliouotesha babu, umesimama peke yake kando ya uwanja tambarare ambao zamani askari walifanyia gwaride. Uwanja na mti vyote vilihesabika kuwa vya jeshi, na nyumba zetu hatukuruhusiwa kuzijenga kwa mawe, ila miti na udongo tu, kwa hiyo boriti zilipoliwa na mchwa ilibidi kuomba ruhusa ya kukata nyingine. Baba alikuwa ameomba, na ruhusa ilikuwa imetoka. Mkaratusi wa babu ungeangushwa Jumamosi. Mimi niliona bahati imenijia mpaka mlangoni: Ijumaa tungeupima kwa kivuli, Jumamosi ungelala chini, na kila mtu angeona kwa kamba kwamba binti wa dereva anajua hesabu.

Ijumaa baada ya shule Wanjiru alinifuata mpaka Kambi Muru. Haboba alimpa kisra, chapati yetu nyembamba, pamoja na mchuzi, akamwuliza mama yake hajambo, na mahindi ya kwao yamefika wapi, kisha akarudi kwenye shughuli zake. Hatukumweleza kazi yetu. Nilitaka iwe ajabu nitakayomletea ikiwa imeiva. Tulifunga mafundo kwenye kamba ndefu, futi hadi futi, kwa rula ya shule. Kivuli cha mkaratusi kililala juu ya uwanja na kuzidi kurefuka, na Wanjiru alisimama kwenye ncha yake akijisogeza kila mara kama mtu anayefukuzwa na maji. Mimi nilingoja mlangoni kwa Haboba. Mtoto wa jirani akaja kuuliza, Haboba akatupa jicho, akasema, "Imeingia, watawadhe." Nilipunga leso, Wanjiru akachomeka kijiti pale pale. Tulihesabu mafundo mara mbili. Sitini na tano. Tuliandika futi sitini na tano kwa wino, tukazipigia mstari chini.

Asubuhi yake hakukuwa na madrasa, maana mwalimu wa madrasa mwenyewe alikuwa ameshika kamba pamoja na baba na wanaume wengine. Wanjiru alifika mapema akiwa na kamba yetu shingoni. Mti ulilia, ukainama, ukaanguka kwa kishindo kilichotikisa masufuria, na harufu kali ya majani ya mkaratusi ikajaa kila nyumba. Wakati wanaume wakifuta jasho, sisi tulikuwa tumeshaanza kupima, kutoka sehemu iliyokatwa mpaka jani la mwisho la kilele, kisha tukaongeza kisiki. Arobaini na tano. Tukapima tena. Arobaini na tano. Wanjiru aliniangalia. Nilisema lazima kilele kimevunjika kikarukia mbali, na tukaingia kwenye shamba la mahindi la jirani, tukatambaa kati ya mistari tukitafuta futi ishirini za mti. Nacheka sasa nikikumbuka tulivyoinua kila tawi kulitazama. Siku ile sikucheka. Nilitoka mahindini na majani kichwani na jambo moja tu moyoni, kwamba jina langu halitaandikwa, na la Wanjiru nimelifuta pia.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo hata leo likinijia ghafla hufumba macho. Ua wa Haboba ulikuwa umejaa wanawake waliokuja kupika chakula cha wakata mti. Nilisimama katikati yao nikalia kwa sauti: "Kijiti cha Haboba kinadanganya! Kimesema mti ni futi sitini na tano, na ni arobaini na tano! Mnasali saa isiyo yake!" Miiko ilisimama. Mama yangu aliweka kiganja mdomoni. Wanawake wale walikuwa wakitegemea kijiti kile kwa sala zao tangu walipoolewa, na mtoto wa shule amekitangaza kuwa mwongo mbele ya mwenye nacho. Nilitarajia kofi. Haboba hakunipiga wala hakupandisha sauti. Alijifunga nguo yake ya gurbaba vizuri kiunoni, akaniambia, "Kilio kiache. Leo hauendi popote. Keti hapa na mwenzako mpaka jua lifike juu."

Tuliketi. Mawingu yalikuwa yamekatika na jua lilikuwa jeupe. Kadiri lilivyopanda, kivuli cha kijiti kilirudi nyuma, kikazidi kuwa kifupi, na mimi nilikitazama kwa chuki. Ilipopita saa sita na nusu hivi, kivuli kiligoma kupungua. Haboba alipiga magoti, akachukua kipande cha mkaa, akachora alama kwenye ncha yake. Kisha akatoa kijiti cha pili, kaka yake yule wa kwanza, urefu ule ule, akakilaza kuanzia kwenye alama hiyo, na kwenye mwisho wake akachora alama nyingine, akaizungusha kama upinde kuelekea mashariki, kivuli kitakakogeukia. "Hii ya kwanza ni ya saa sita," alisema. "Kivuli hiki ni cha jua kukaa upande, hakiko kwa hesabu. Saa ya Alasiri nachukua kivuli cha saa sita, naongeza urefu wa kijiti. Mwezi huu nikisahau kuongeza, naita watu mapema. Wewe umenisikia nikisema kivuli kilingane na mti, basi ukakimbia."

"Lakini Haboba, hukuniambia."

"Na wewe umeniuliza lini? Saa sita kila siku uko shule. Jumamosi uko madrasa. Jumapili uko mto na nguo. Wewe kijiti changu unakijua cha jioni tu."

Wanjiru tayari alikuwa ameinama na rula. Kijiti kilikuwa inchi kumi na nane. Kivuli chake cha saa sita kilikuwa inchi nane. Aliziandika mchangani, akazijumlisha: ishirini na sita. Akaangalia kule uwanjani mti ulikolala, akasema polepole: "Zuhura, zile futi ishirini ni hiki kivuli. Mti pia ulikuwa na chake." Nilimwelewa nusu. Nikamwambia kwamba mti umeshaanguka, kivuli chake cha saa sita tutakipata wapi? Ndipo Haboba, ambaye hakujua kusoma hata jina lake, akasema jambo ambalo nimelirudia kwa wanafunzi kwa miaka mingi sana: "Mti umeanguka, kijiti kiko. Kiulize kijiti." Basi nikakiuliza. Kijiti kinasema, inchi ishirini na sita za kivuli cha Alasiri ni inchi kumi na nane za mti. Ishirini na sita inaingia mara ngapi kwenye sitini na tano? Wanjiru alifungua mdomo, Haboba akamwekea kisra ndani yake. Nilihesabu kwa kokoto, peke yangu, huku jasho linanitoka. Mara mbili, na inabaki kumi na tatu, na kumi na tatu ni nusu yake. Mara mbili na nusu. Na kumi na nane mara mbili na nusu ni arobaini na tano. Nilipiga ukelele, kuku wakakimbilia jikoni. Sikuwa nimewahi kuona ule mstari wa kutenganisha namba ukinihurumia, na siku ile ulinihurumia.

Wanjiru alikuwa na wazo la haraka. "Tuandike tu arobaini na tano," alisema. "Mti uko chini, Mwalimu atajua aje?" Sitasema uongo, nilivutiwa. Haboba alikuwa anachambua mchele, akauliza bila kuinua kichwa: "Na siku ya mtihani, watawakatia mti?" Tuliandika yote, futi sitini na tano na mstari wake wa fahari, shamba la mahindi tulilotambaa, mkaa, kokoto na mara mbili na nusu. Sikumwomba Haboba msamaha kwa maneno, nilishindwa. Kivuli kilipofika kwenye alama ya pili, alinitazama akasema, "Haya. Leo waambie wewe." Nikazunguka mlango hadi mlango, kwa wanawake wale wale walionisikia asubuhi, nikisema Alasiri imeingia, kijiti cha Haboba kimesema. Mmoja aliniuliza kama nina hakika. Nikamwambia nimekipima mwenyewe tangu saa sita.

Jumatatu Mwalimu Yosia alisoma karatasi yetu akiwa amesimama. Alipofika penye mahindi, mabega yake yakaanza kutikisika. Kisha akaacha kucheka, akaniita ubaoni, akaniambia nigawe sitini na tano kwa ishirini na sita mbele ya wote. Chaki ilinivunjikia, lakini niligawa. Saa sita alitutoa nje darasa zima, kila mmoja na kijiti chake, tukakaa juani kutafuta kivuli kifupi kuliko vyote. Wiki mbili baadaye aliyasoma majina ya mtihani. La Wanjiru lilikuwa la tatu na langu lilikuwa la mwisho kabisa, na sikujali lilikuwa la ngapi. Baba alipoambiwa, aliuliza mara moja tu kama ni kweli, akaenda kununua daftari, akaliweka juu ya tabaga la mama. Jumamosi moja Mwalimu alikuja mwenyewe Kambi Muru na koti lake, akaomba kukiona kijiti. Walikaa kwenye mkeka, yeye na Haboba, wakingoja jua lifike juu, na alikuwa akimwita "mwalimu" kila alipomuuliza jambo. Haboba alijifanya hasikii, lakini siku ile aliufagia ua mara mbili.

Nilivuka kwenda darasa la tano, na baadaye nikawa mwalimu wa hesabu. Wanjiru alibaki rafiki yangu mpaka tulipokuwa vikongwe wa kusahau miwani. Haboba aliondoka kabla sijapata mshahara wa kwanza, na hilo bado linaniuma, maana nilitaka kumnunulia saa ili anicheke nayo. Kambi Muru ipo, ila ule uwanja na ule ua havipo. Nyumba zimeshikana mabati kwa mabati, na mbele ya mlango wangu pamebaki kipande cha ardhi kinachotosha ndoo mbili na kiti changu. Juzi mjukuu wangu alirudi mapema kutoka shule, saa sita ikikaribia, akatupa begi, akasema, "Haboba, hii hesabu imenimaliza, nisort bana. Eti urefu wa mnara na kivuli, na mwalimu ako na haraka ajabu." Alikuwa ameshajaribu kwenye simu. Jibu alilipata, njia hakuielewa.

Nilikileta kijiti. Ninacho bado, kimekuwa cheusi kwa kushikwa. Nilikikita ardhini karibu na ndoo, na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo sikuwa nimeliona miaka yote niliyoishi hapa. Jua linafika mlangoni kwangu saa sita tu. Kabla ya hapo limezuiwa na nyumba ya mashariki, na baada ya hapo kivuli kinaupanda ukuta wa jirani, hakina pa kulala. Mimi nilikijua kijiti cha jioni tu, na mtoto huyu anakijua cha saa sita tu. Kwa hiyo tulichora alama ya mkaa, tukaipima kwa rula yake, nikakichomoa kijiti, nikavaa viatu, nikamshika mkono, tukaanza kutembea kwenda uwanja wa shule, mahali ambapo kivuli bado kinaweza kulala chini kizima. Njiani aliniuliza ni nani aliyenifundisha. Nilimwambia jina lake lote, na la mama yake, na nikamwambia alikuwa hajui kusoma. Tulifika mapema, tukakaa kwenye nyasi tukiingoja Alasiri.